Ukuta Mmoja, Majirani Wawili: Tugawane Gharama Bila Kuvunja Ujirani

Maneno yaliyosemwa na timu yetu ya uwanjani katika kikao cha wakuu wa mitaa, familia zilizokimbia vita na familia zilizozipokea, mjini Kalemie, jimbo la Tanganyika.

 

Leo tumekuja na jambo ambalo wengine wataliona ni dogo. Hatutazungumza juu ya silaha wala juu ya makundi. Tutazungumza juu ya ukuta. Ukuta wa matofali wenye urefu wa mita kumi tu, uliosimama kati ya lupango moja na lupango lingine. Tumelichagua jambo hili kwa sababu katika kazi yetu ya upatanishi hapa mjini tumeona ugomvi mwingi ukianzia hapo. Siku ya kwanza ni majirani wawili na matofali yao. Baada ya wiki mbili ni "wageni" na "wenyeji". Baada ya mwezi ni makabila. Hapo ndipo watu wanatuita, nao moto umekwisha kuwaka.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: na ukijenga ukuta bila kupatana, utafungua ufa mwingine.

Kwa nini kuta zimekuwa nyingi

Ninyi mnajua kuliko sisi namna mji huu ulivyojaa. Tangu mwaka 2016 mapigano kati ya Watwa na Wabantu yaliwatoa watu wengi vijijini, upande wa Nyunzu, Manono na kwingineko, wakakimbilia huku. Wengine walikaa kambini, kama pale Katanika na Kalunga. Wengine walipokewa na ndugu na marafiki, chumba kimoja kikalala watu kumi. Kisha ziwa nalo likapanda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yaliingia katika nyumba za kando, na watu wa pwani wakapanda juu kutafuta pa kujenga. Mwaka 2025 familia nyingine zikafika kwa boti kutoka Kivu ya Kusini.

Watu wameongezeka, lakini lupango halikuongezeka. Kwa hiyo kila mmoja anafanya nini? Anaongeza chumba. Mwenyeji anajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba ili apangishe na kupata ada ya shule. Aliyekimbia vita, akiwa amenunua nusu ya lupango, anaongeza chumba kwa ajili ya vijana wake waliokua. Nyumba zilizokuwa zimeachana hatua ishirini sasa zimekaribiana hatua nne. Ule ua wa matete uliotosha zamani hautoshi tena. Mtu anakohoa huku, jirani anasikia kule. Ndipo linakuja wazo la ukuta, na pamoja nalo swali: nani alipe?

Habari ya majirani wawili

Tuwaambie habari moja tuliyoishughulikia. Majina hatutayataja, wala kartie.

Kulikuwa na mama mjane aliyekimbia vita pamoja na watoto watano. Baada ya miaka miwili ya kupanga alinunua nusu ya lupango, akiwa na karatasi ya mauzo yenye mashahidi. Jirani yake alikuwa baba mmoja mvuvi, aliyezaliwa pale pale. Walipatana vizuri. Mama alipougua, mke wa yule baba ndiye aliyempikia watoto.

Kiangazi kimoja wote wawili walianza kujenga vyumba vya nyuma. Ua wa matete ukang'olewa ili mafundi wapate kupita. Mama akaenda shambani kuvuna mihogo, akakaa huko siku kumi. Aliporudi alikuta ukuta umesimama. Jioni ile ile baba alimpelekea mtoto na karatasi: gharama yote ni hii, nusu yako ni hii, lipa kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama akasema: "Hakuna aliyeniuliza. Mtu analipaje kitu ambacho hakuulizwa?" Baba akasema: "Chumba chake kinapata kivuli na usalama kwa ukuta wangu. Anakula bila kuosha sahani." Kila mmoja alikuwa na neno la kweli mdomoni. Lakini hawakusemezana wao kwa wao. Walisema kwa wengine. Kwenye bomba la maji watu wakaanza: "Wageni hawa hawataki kulipa kitu." Upande wa pili: "Wenyeji wanataka kutusukuma tena." Watoto wakapigana. Usiku mmoja vijana, hatujui ni wa upande gani, wakaangusha mistari miwili ya juu ya matofali. Asubuhi shefu wa avenyu akatutafuta.

Kosa letu wenyewe

Kabla hatujaendelea, tuungame kosa letu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mtaa mwingine, tulikuta ugomvi unaofanana na huu. Tulikuwa na salio kidogo katika mradi. Tukafikiri: pesa ndiyo inayowagombanisha, basi tulipe sisi. Tukanunua simenti, tukalipa fundi, ukuta ukasimama, tukapiga picha.

Mvua ya kwanza ilipokuja, kichwa cha ukuta kikaanza kumong'onyoka. Tulipopita tuliuliza kwa nini hakuna aliyetengeneza. Wa upande huu akasema: "Ni ukuta wa shirika." Wa upande ule akasema vilevile. Mbaya zaidi, majirani wengine watatu walivunja ua zao wakitungojea sisi tuje kuwajengea. Na wale wawili walikuwa bado hawasalimiani. Tulijenga ukuta, lakini mapatano hatukuyajenga.

Kwa hiyo kwa mama yule na baba yule hatukutoa hata faranga moja. Tulikaa nao chini ya mwembe, siku tatu mbalimbali, pamoja na shefu wa avenyu na wazee wawili, mmoja kila upande.

Tulichokikuta chini ya pesa

Siku ya kwanza walizungumza juu ya pesa tu. Siku ya pili mama alisema neno lililotufumbua macho. Alisema: "Nikilipa bila karatasi, kesho watasema nilimsaidia mtu kujenga ukuta wake. Nisipolipa, watasema mimi ni mpitaji, sina changu hapa." Kisha baba naye akasema lililokuwa moyoni: "Mimi nikimwacha alipe nusu, siku moja watoto wake watawaambia wangu kwamba nusu ya lupango ni yao, kwa kuwa mama yao alitoa pesa."

Mnasikia, ndugu zetu? Walikuwa na hofu mbili, na zote mbili zilikuwa juu ya ardhi. Mmoja aliogopa kwamba akilipa hatapata haki. Mwingine aliogopa kwamba akilipwa atapoteza haki. Bei ya simenti ilikuwa tu mlango wa kuingilia.

Tangu siku ile tumejifunza kutenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya katika mfuko mmoja:

La kwanza: mpaka uko wapi?
La pili: ukuta ni wa nani?
La tatu: nani atoe nini?

Mkiyajibu kwa mpangilio huo, moja baada ya jingine, la tatu linakuwa jepesi. Mkianza na la tatu, mtagombana hata kama pesa ipo.

Swali la kwanza: mpaka uko wapi?

Usijenge kabla ya kupima. Wote wawili wawepo, pamoja na shefu wa avenyu na majirani wa pande nyingine. Leteni karatasi mlizo nazo. Tafuteni mawe ya mpaka kama yalipandwa. Vuteni kamba toka jiwe mpaka jiwe, na kila mmoja aione kamba hiyo kwa macho yake. Kama karatasi hazikubaliani, au kama lupango liligawanywa bila kupimwa, simamisheni kazi na mwite mpimaji wa ofisi ya ardhi. Ulizeni gharama yake mapema, mgawane, na mdai risiti.

Katika habari yetu, tulipovuta kamba tuliona kwamba ukuta wa baba ulianza vizuri kwake, lakini kule mwisho ulikuwa umeingia kwa mama kwa sentimita thelathini. Hakukusudia. Fundi alifuata ule ua wa matete, na matete hukua upande yanakopata jua.

Swali la pili: ukuta ni wa nani?

Hapa kuna njia mbili, na zote ni nzuri zikisemwa wazi.

Njia ya kwanza ni ukuta wa mtu mmoja. Unasimama wote ndani ya ardhi yake, analipa yeye, ni wake. Jirani hadaiwi kitu, lakini pia haruhusiwi kupigilia msumari wala kulaza boriti juu yake bila kuomba.

Njia ya pili ni ukuta wa pamoja. Unasimama katikati ya kamba. Kama unene wake ni sentimita kumi na tano, basi saba na nusu ziko huku na saba na nusu ziko kule. Ni wa wote wawili, gharama ni ya wote wawili, matengenezo ni ya wote wawili. Hakuna anayeutoboa, kuuinua au kuubomoa bila mwenzake kukubali.

Kinacholeta taabu ni njia ya tatu isiyo na jina: mmoja anajenga peke yake, mahali anapotaka yeye, kisha anadai nusu. Wakuu wetu, mkiona mtu anaanza hivyo, msingoje ukuta umalizike. Mwiteni siku anapochimba msingi.

Swali la tatu: nani atoe nini?

Sasa pesa. Familia nyingi zilizokimbia vita hazina pesa taslimu, lakini zina mikono, na mikono ina bei. Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu. Ninyi mtaweka bei za soko lenu.

Tuseme ukuta una urefu wa mita 10 na kimo cha mita 1.70. Tunatumia matofali ya tope ya sentimita 30 kwa 15 kwa 15. Pamoja na udongo wa kuungia, mstari mmoja unachukua matofali 32, na mistari ni 10. Hiyo ni matofali 320. Ongeza 40 ya nguzo, maana ukuta mwembamba bila nguzo huanguka kwa upepo, na 40 mengine kwa ajili ya yatakayovunjika. Jumla 400.

Matofali 400 kwa faranga 250 kila moja: 100 000.
Mawe ya msingi: 60 000.
Simenti mifuko 2: 70 000.
Mchanga: 20 000.
Fundi: 70 000.
Kuchimba msingi na kuchota maji: 30 000.
Jumla yote: 350 000. Kila upande: 175 000.

Mjane atazitoa wapi faranga 175 000? Lakini angalieni. Vijana wake wanafyatua matofali wakati wa kiangazi: hiyo ni 100 000. Wanachimba msingi na kuchota maji: hiyo ni 30 000. Zinabaki 45 000, na anaweza kuzitoa kwa mara tatu, kila baada ya kuuza mihogo. Baba naye analeta mawe, 60 000, na mchanga, 20 000. Anamlipa fundi, 70 000. Anaongeza 25 000 kwenye simenti. Naye amefika 175 000. Hakuna aliyehurumiwa, na hakuna aliyebeba mwenzake.

Tunasisitiza: kazi iandikwe kwa bei, kama pesa inavyoandikwa. Kazi isiyoandikwa husahaulika upesi. Tumesikia mara nyingi: "Yeye alitoa nini? Alileta maji tu." Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kama mmoja anataka zaidi? Anayetaka ukuta uwe wa mita mbili na nusu, au wa matofali ya kuchoma wakati mwenzake anaridhika na ya tope, abebe yeye lile linalozidi. Anayetaka kulaza paa la chumba chake juu ya ukuta wa pamoja aombe kwanza, alipe nguvu inayohitajika katika msingi, na ahakikishe maji ya paa lake yanaangukia kwake. Maji ya paa yamegombanisha watu kuliko matofali.

Na kama mmoja hana kabisa, wala pesa wala mikono, kwa mfano mzee anayeishi peke yake? Basi mwenye uwezo ajenge ndani ya mpaka wake, uwe ukuta wake. Au wapatane kwamba mwingine atalipa sehemu yake baadaye, kwa muda uliotajwa. Lakini mtu asiambiwe: "Kwa kuwa hukulipa, nachukua hatua mbili za ardhi yako." Deni la ukuta lilipwe kwa pesa au kazi. Lisilipwe kwa ardhi.

Wapangaji, wageni, na wanaotaka kurudi kwao

Sasa tuseme na ninyi mliokimbia vita, kwa sababu hali zenu hazifanani.

Wewe uliyepanga nyumba: ukuta si deni lako. Ni wa mwenye lupango. Kama anakuomba uchangie kwa sababu hana pesa sasa, unaweza kukubali, lakini iandikwe kwamba kiasi hicho kitatolewa katika kodi ya miezi fulani. Wewe uliyepokewa bure na familia: unaweza kusaidia kwa kazi kama mtoto wa nyumbani anavyosaidia, lakini pande zote zijue kwamba ni msaada, haukupi sehemu ya lupango. Liseme mapema. Ukarimu usiosemwa wazi hugeuka kuwa madai siku ya kuachana.

Wewe uliyenunua: changia kama jirani yeyote, wala usiinamishe kichwa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inampa kila Mkongomani haki ya kukaa mahali popote nchini, na inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi.

Wengine wanatuambia: "Nikijenga ukuta hapa, kule kijijini watasema nimeacha shamba langu." Hapana. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zinasema kwamba mali iliyoachwa nyuma lazima ilindwe isichukuliwe, na kwamba mtu ana haki ya kuchagua kurudi au kukaa mahali pengine. Kujenga ukuta Kalemie hakufuti shamba la kijijini. Lakini na kule pia, mwenye ndugu au jirani aliyebaki amwombe ashuhudie mipaka ya shamba lake, ingali inakumbukwa.

Na ukirudi kwenu kesho? Ukuta hautabebwa mgongoni. Kwa hiyo andikeni mapema: sehemu yako ya ukuta inakwenda pamoja na lupango, na bei yake imo ndani ya bei utakayouzia. Atakayenunua ndiye atakayekuwa mwenzi wa jirani yako katika ukuta huo. Mwonyeshe karatasi.

Karatasi iweje

Si lazima iwe ndefu. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, na isomwe kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Iwe na mambo haya:

Majina ya pande mbili na mahali lupango lilipo.
Mpaka ulipopita, na siku ulipopimwa mbele ya nani.
Ukuta ni wa mmoja au ni wa pamoja.
Urefu, kimo, unene, na aina ya matofali.
Kila upande unatoa nini, kwa pesa na kwa kazi, na siku gani.
Nani atatengeneza ukiharibika, na kwa sehemu gani.
Maji ya mvua na ya paa yatapita wapi.
Neno hili liandikwe wazi: "Mchango wa ukuta hauongezi wala haupunguzi ardhi ya upande wowote."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoponya hofu ya yule baba. Na neno "ukuta ni wa pamoja" ndilo lililoponya hofu ya yule mama.

Watie sahihi au alama ya kidole, mashahidi wawili kila upande, na shefu. Nakala tatu. Na tafadhali, wamama wasiachwe nje. Tumeona karatasi zilizotiwa sahihi na shemeji au na kijana wa miaka kumi na sita wakati mama mwenye nyumba yupo jikoni. Tangu Kanuni ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye makubaliano, na mume na mke wanatakiwa kuelewana juu ya mambo yanayowafunga. Kwa hiyo wote wawili waitwe. Mjane naye atie sahihi kwa jina lake mwenyewe.

Mfahamu pia mpaka wa karatasi hii. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Taifa, nasi tunapewa haki ya kuitumia. Hati inayothibitisha haki hiyo hutoka ofisi ya ardhi. Karatasi ya ukuta haiwi cheti cha lupango, na asije mtu akaiuza kama cheti. Inashuhudia mapatano ya majirani wawili juu ya ukuta wao, basi. Mkishindwa kabisa kupatana, mahakama ipo. Lakini mnajua safari ya mahakama inakula pesa ya kuta ngapi.

Neno kwa wakuu

Wakuu wetu, watu wanawaamini kwa sababu mko karibu. Tunawaomba mambo matatu. Msidai malipo ya kushuhudia yanayozidi uwezo wa mtu, maana maskini atajenga kwa siri. Msiwe washiriki wa biashara ya matofali au ya fundi katika ukuta mnaoushuhudia. Na mkisikia neno "wageni" au "wenyeji" katika ugomvi wa mpaka, lisimamisheni hapo hapo. Semeni: hapa kuna jirani wa kushoto na jirani wa kulia, hakuna mwingine.

Ilivyokwisha

Mtauliza, yule mama na yule baba walimaliza vipi? Mita tatu za mwisho zilivunjwa na kujengwa upya juu ya kamba. Mita saba zilizokuwa ndani ya mpaka wa baba zilibaki, naye alikubali ziwe ukuta wa pamoja mahali zilipo, bila kumpa mama ardhi yoyote. Hesabu ilifanywa upya. Vijana wa mama walifyatua matofali, na pesa iliyobaki mama aliilipa kwa miezi minne. Baba alisamehe gharama ya kuvunja, kwa kuwa fundi alikuwa wake.

Hatutawadanganya kwamba wamekuwa kama ndugu wa tumbo moja. Baba bado anasema alitoa zaidi. Mama bado anakumbuka ile karatasi iliyoletwa na mtoto. Lakini masika iliyofuata, maji yalipokula chini ya ukuta karibu na nguzo ya pili, tulipita siku ile tukakuta kijana wa mama na kijana wa baba wamepiga magoti kwenye matope, mmoja upande huu, mmoja upande ule, wanapanga mawe. Hakuna aliyetuita. Hakuna aliyeuliza shirika liko wapi.

Wapendwa, kiangazi kinakaribia na matofali yatafyatuliwa. Yeyote kati yenu anayefikiri kujenga upande wa jirani, aanze leo jioni. Asianze na jembe. Apige hodi, aketi, aseme: "Jirani, nataka tujenge. Wewe unaonaje?"

Amani ikae katika malupango yenu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika avenyu yetu, ni kuta zipi zilizojengwa bila kupatana? Nani anaweza kuwaketisha majirani hao kabla ya mvua?
2. Siku moja ya kazi ya kuchimba au kufyatua matofali tuihesabu kwa bei gani hapa kwetu?
3. Jirani akiwa amepanga tu, au amepokewa na ndugu, nani aitwe kwenye mapatano ya ukuta?
4. Nakala ya tatu ya karatasi itunzwe wapi ili isipotee shefu akibadilishwa?